Barua kwa mwanangu fundi: watangazie wanaoulizwa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umeacha kuajiriwa, sasa unatengeneza friji, mashine za kufua na shawa za umeme kwa jina lako mwenyewe, kazi unaijua ila simu hailii. Ukaniuliza utangaze wapi hapo Roysambu, Nairobi, na kama zile shilingi 20,000 za akiba uzitie kwenye matangazo ya Facebook. Ningekujibu kwa sauti ya WhatsApp, lakini nikianza kuongea sinyamazi na wewe utasikiliza nusu. Hii isome polepole.

Facebook kwanza, tuimalize. Usiweke pesa hizo huko sasa. Ni kweli unaweza kulipia tangazo lionekane na watu wa karibu na mtaa wako tu, na huenda baadaye likakufaa. Lakini anayeliona leo friji yake inagandisha vizuri, kwa hiyo atalipita. Ikiharibika mwezi ujao hatalikumbuka, atauliza mtu. Na anamuuliza nani mimi najua, kwa sababu mara nyingi ni mimi.

Hapa dukani Umoja, mtu akija kujaza gesi haondoki bila swali. "Mama, unamjua fundi wa jiko?" "Shawa yangu inatoa maji baridi, nimpigie nani?" Maswali hayohayo anaulizwa soja wa getini, keateka anayeangalia nyumba za kupanga, mama mboga, kinyozi, na yule kijana wa kuuza maji kwa mkokoteni. Hao ndio wa kutangaziwa. Mwenye friji mbovu leo ni huyu, kesho ni yule, humjui wala hakujui. Anayeulizwa yuko palepale kila siku.

Sasa nikwambie habari za ukuta wangu. Mafundi wengi wameniachia kadi, nimezibandika karibu na mizani. Lakini si kila kadi naitoa. Nikimpa mteja namba ya mtu, jina langu nalo limo. Fundi akichukua pesa ya spea akapotea, mteja harudi kwake, anarudi kwangu na mdomo. Iliwahi kuwapo kadi moja maridadi, ya rangi, yenye picha. Niliing'oa kwa sababu hiyo. Na ipo nyingine iliyochapwa ovyo, wino umeanza kufifia, ndiyo ninayoitoa kila mara. Mwenyewe hushika simu. Akichelewa anasema. Akimaliza kazi anapita hapa: "Mama, yule uliyenituma kwake nimemaliza, jiko linawaka." Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nimtume tena, maana siku nikikutana na mteja njiani sina wasiwasi.

Kwa hiyo usimwage kadi mtaa mzima. Chagua watu wachache wanaoulizwa, ujulikane nao, na ukiweza mtengenezee kila mmoja kitu chake, hata kama ni pasi ya soja. Aliyeuona mkono wako ukifanya kazi hakutaji kwa kubahatisha.

Na chai? Toa. Keateka akikuletea kazi, mtumie kitu kwa M-Pesa siku ileile uliyolipwa, usingoje akukumbushe. Lakini kitoke kwenye faida yako. Ukimpandishia mteja bei ili keateka apate chake, wapangaji watalinganisha bei kwenye ngazi na utajulikana kwa ubaya. Akianza kudai fungu kubwa, achana naye, mtaa una makeateka wengi. Kazi za maejenti wa nyumba chukua kwa tahadhari: ni nyingi, ila malipo huja yakijisikia.

Kutoka kwenye hizo 20,000, chukua kidogo uende River Road ukachapishe stika, zile za plastiki zisizolowa. Kila ukimaliza kazi unabandika moja. Usiiweke usoni mwa friji. Mwenye nyumba hapendi na watoto wataibandua. Iweke ubavuni, juu kidogo, upande usiogusa ukuta. Kwenye mashine ya kufua iweke nyuma, pale mpira wa maji unapoingia, kwa sababu maji yakianza kumwagika hapo ndipo mtu anapoinama kuchungulia. Ya shawa usiibandike bafuni, mvuke utaing'oa. Iweke kando ya ile swichi yake kubwa iliyo nje ya mlango. Andika kwa kalamu isiyofutika tarehe na kitu ulichobadilisha. Mpangaji akihama, shawa inabaki na namba yako, na mpangaji mpya anaikuta.

Kadi nyingine wapelekee wauza spea unakonunua zako. Mtu huja kaunta na kifaa kilichoungua mkononi, ananunua kipya, halafu anauliza ni nani atamfungia.

Halafu uangalie majira. Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi, shawa zinafanya kazi asubuhi na jioni, na ploti nyingi, yaani majengo ya kupangisha, za upande wenu zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, waya wa kupasha unaungua upesi. Miezi hiyo zungumzia shawa. Mvua za Machi hadi Mei umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, bodi za friji zinakufa. Hapo zungumzia friji. Januari usijichoshe. Njaanuari watu wanaitumia friji mbovu kama kabati la sufuria na maisha yanaendelea.

Karatasi kwenye nguzo, hapana. Nguzo si zako, kaunti ina sheria yake ya mabango tangu 2018 na kanjo, wale askari wa kaunti, hawachelewi kukushika. Tena angalia majirani utakaowapata pale: mganga wa kurudisha mpenzi aliyepotea juu, bedsita ya kupangisha chini, na wewe katikati. Nani atamfungulia mlango fundi wa namna hiyo?

Maana hofu ya watu wa hapa, zaidi ya bei, ni fundi atakayeondoka na friji nzima, au achomoe kompresa nzuri aweke mbovu. Tangazo lako lizungumze na hofu hiyo. Mimi ningeandika hivi: "Friji haigandishi? Mashine ya kufua haitoi maji? Nakuja mwenyewe, Roysambu, Zimmerman, Kahawa West na Githurai. Kazi naifanyia kwako, ukiona. Kifaa kibovu unabaki nacho. Ada ya ukaguzi inakatwa kwenye bei ukikubali kazi." Weka jina na namba, basi. Na kama ni lazima mashine uiondoe, acha karatasi yenye jina lako na picha ya ile namba ya kiwandani iliyo nyuma yake.

Jingine ambalo pengine hujaliwazia: mchana nyumba nyingi zina mama na mtoto, au msichana wa kazi peke yake. Fundi wa kike anafunguliwa mlango pale ambapo mwanamume angeambiwa arudi baba akifika. Weka picha yako na kisanduku cha vifaa kwenye tangazo, usione haya. Ila nawe ujilinde; andikisha jina kwa soja kila unapoingia, na mtu mmoja ajue uko ploti gani.

Vikundi vya WhatsApp vya mtaa usiingie kwa matangazo, utatolewa kabla hujasalimia. Mtumie mteja aliyeridhika maneno hayo niliyokuandikia, yeye ndiye ayapeleke kwenye kikundi chake. Kwenye ramani ya Google pia jiandikishe, ni bure, na unaweza kutaja mitaa unayohudumia bila kuonyesha unapoishi. Mwombe mteja aandike pale ni kitu gani ulichomtengenezea na mtaa gani. Usimlipe kwa hilo, Google hawaruhusu. Na namba za watu unaozipata kwenye kazi usizirushie matangazo ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu akubali kwanza, kwa hiyo muulize ukiwa bado kwake: "Nikukumbushe baada ya miezi sita nije nisafishe?" Wengi watakubali.

Wanawake wa chama nimeshawaambia. Kanisani sitasimama kukutangaza, nenda kwenye jumuiya yenu mwenyewe, wakujue kwa sura. Stika zikitoka niletee chache na kadi mbili tatu. Nafasi ya ile niliyoing'oa bado iko wazi. Na uje Jumamosi na vifaa vyako, mama wa ghorofa ya tatu friji yake inanguruma usiku kucha na nimemwambia unakuja. Ada ya ukaguzi mtoze kama mtu mwingine yeyote.

Mama yako.