Mchuzi wa spageti bila nyama, wa kushibisha nyumba nzima

Dada wa Lubumbashi, umeuliza kwa nini mchuzi wako wa spageti usio na nyama unatoka mwepesi na mchachu, na watoto wanaomba chakula tena kabla ya kulala. Mimi napikia hapa Goma, kwenye mbabula, jiko la makaa tunayoyaita makala, na kwetu nyama hainunuliwi kila siku. Naona shida yako si kukosa nyama. Unatia tomati mapema, kabla chochote hakijakaangika.

Anza na maharagi. Loweka glasi moja na nusu usiku, kesho yake uyachemshe peke yake makala yakiwa bado na nguvu, mpaka yabonyee kati ya vidole. Usiyatie kwenye tomati yakiwa magumu: uchachu wake unayazuia kulainika, nawe utamaliza makala bure, na bei ya makala tunaijua sote. Maji yake usiyamwage.

Moto ukitulia, ndiyo saa ya mchuzi. Kata biringanya mbili vipande vidogo, uzikaange mpaka ziwe za kahawia pande zote, uziweke kando. Vitunguu vinne vifuate, taratibu, visikimbizwe, mpaka vilainike kabisa na kugeuka rangi. Hapo ndipo utamu unapotoka. Kisha kitunguu saumu, seleri, na karoti moja kubwa iliyokwaruzwa. Karoti inatuliza uchachu. Sukari kwenye mchuzi mimi siipendi hata kidogo.

Sasa tomati ya kopo, vijiko viwili. Ikaange ndani ya mafuta hayo hayo huku ukikoroga, mpaka wekundu wake uive na kukoza kama tofali. Ukiharakisha hapa, ladha ya kopo utaikuta mezani. Baada yake ndipo tomati mbichi, kilo moja.

Zikishapondeka, ponda nusu ya maharagi na kuyatia pamoja na kikombe cha maji yake. Nusu nyingine iingie mazima, na biringanya zirudi. Yaliyopondwa yanaufanya mchuzi uwe mzito, mazima yanampa mtu kitu cha kutafuna. Uache utokote polepole mpaka mafuta yapande juu. Pilipili tia nzima, isipasuke, kwa ajili ya watoto.

Kuhusu spageti yenyewe: dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zisikubane. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwenu Lubumbashi ni kama mita 1,200, tofauti ipo pia, na maji yasiyofika 100 yanaivisha polepole. Onja, ongeza dakika mbili tatu. Nusu kilo inatosha watu watano. Kabla ya kuchuja, chota kikombe cha maji yake, uyatumie kuchanganyia mchuzi na spageti juu ya moto. Wanga wake unavishikanisha.

Sisi tunakwaruzia fromaji ya Masisi juu, yaani jibini ya huku kwetu. Isipopatikana kwenu, usihangaike. Nyinyi mna uyoga wa porini msimu wa mvua, na huo ningeuchagua kuliko biringanya. Uuanze kwenye sufuria kavu mpaka maji yake yaishe, ndipo utie mafuta. Mchuzi ukibaki, kesho unakwenda vizuri na bukari, yaani ugali.