Ngozi yako inadai maji au inadai mafuta?

Nilipohamishiwa Njombe kikazi, mama alinifungia chupa ya mafuta ya nazi aliyoyatengeneza mwenyewe. Ndiyo niliyojipaka Dar es Salaam tangu utotoni, na sikumbuki kuambiwa nimepauka. Asubuhi ya tatu huko Njombe, mwezi wa sita, nikapindua chupa juu ya kiganja, hakikutoka kitu. Mafuta yameganda meupe kama mshumaa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Njombe ya Juni ni baridi kuliko hapo hata saa nane mchana. Nikayachokoa kwa kijiko, nikajipaka, nikaenda kazini. Kufika saa nne miundi inawasha, mikono kama nimetoka kukoroga unga, na mwenzangu mmoja ananiuliza kama kwetu Dar mafuta yana mgao.

Nikafanya kosa la kila mtu. Nilienda dukani nikauliza, "Losheni gani nzuri?" Nikapewa yenye harufu nzuri. Wiki iliyofuata nikapewa nyingine ya kopo kubwa. Ndani ya miezi miwili nilikuwa na makopo matano juu ya kabati na ngozi ile ile ya kuandikika. Wale tuliosoma shule ya msingi tukichorana miguuni kwa kijiti mnaelewa ninachosema.

Daktari wa ngozi niliyekwenda kumwona hakuniuliza natumia losheni gani. Aliniuliza naoga vipi. Nikamweleza: maji ya moto yanayofuka, beseni zima, sabuni ya mche ile ile ya kufulia kwa sababu naona inatakatisha, kisha nakaa karibu na jiko la mkaa hadi nikauke, ndipo najipaka. Akacheka. Kumbe nilikuwa naosha mafuta ya asili ya ngozi kwa maji ya moto na sabuni kali, nasubiri maji yaliyobaki yakauke, halafu nafunika ukavu kwa mafuta. Mafuta ya nazi, kama mafuta ya mgando, hayaongezi maji kwenye ngozi. Yanazuia yaliyopo yasitoke. Kama hakuna maji, yanalinda nini?

Tangu siku hiyo nasoma kopo kwa macho mengine. Vitu vilivyomo nimevigawa mwenyewe kwa kazi zake. Kuna vinavyovuta maji na kuyashika, kama glisirini na yurea. Kuna vinavyofunika, na mfalme wao ni mafuta ya mgando, akifuatiwa na nta ya nyuki. Kuna vinavyolainisha kwa kujaza nyufa ndogo za ngozi, humo wamo shea, nazi na alizeti. Losheni nyepesi huwa na maji mengi na vitu vya kufunika vichache. Krimu ya kopo ni nzito zaidi. Mafuta ya mgando hayana maji kabisa.

Ukitaka kujua ngozi yako ni ya aina gani, oga jioni kwa sabuni isiyo kali, jifute, usijipake chochote, ukae saa moja hivi. Ikivuta na ukucha ukichora mstari mweupe, ni kavu. Ikianza kung'aa kifuani na mgongoni, ni ya mafuta. Wengi wetu tuna zote mbili: mgongo unang'aa, miundi inapauka. Basi hakuna sheria inayosema kopo moja lipake mwili mzima. Mume wangu alikuwa na chunusi mgongoni miaka nenda rudi, akijipaka mafuta ya nazi kuanzia shingoni hadi miguuni kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Alipohamia losheni nyepesi upande wa juu na kuyaacha mafuta yabaki miguuni, zilipungua bila dawa.

Mimi mwenye ngozi kavu nikiwa Njombe natumia krimu yenye glisirini nyingi, najipaka mwili ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika 3 baada ya kuoga. Najipakia humo humo bafuni, nje baridi haina huruma. Juu yake napitisha mafuta ya mgando kidogo kwenye miundi, viwiko na visigino. Maji ya kuoga siku hizi ni ya uvuguvugu, na sabuni ya mche imerudi kwenye nguo. Nikisema ukweli, hayo mawili yalisaidia kuliko kopo lolote nililonunua. Glisirini tupu ya duka la dawa usiipake ngozi kavu hivi hivi kwenye hali ya hewa kavu, maana ikikosa unyevu hewani huweza kuuvuta kutoka ndani ya ngozi yako. Ichanganye na maji, na juu yake paka kitu cha kufunika kama mafuta ya mgando. Na wale wanaochanganya glisirini na limao wawe makini: limao kwenye ngozi, ukitoka juani, linaunguza na kuacha madoa meusi.

Magaga yana dawa yake. Krimu yenye yurea, usiku, kisha soksi. Vumilia wiki mbili.

Kwenye kopo angalia orodha ya viambato, picha ya mbele achana nayo. Kilichotajwa kwanza ndicho kingi. Niliwahi kununua losheni yenye parachichi limechorwa kopo zima, nami nipo Njombe kwenye parachichi zenyewe, kumbe parachichi lilikuwa mkiani mwa orodha, baada ya manukato. Kama ngozi yako ni nyeti, au mtoto wako ana pumu ya ngozi, hayo manukato ndiyo ya kwanza kuyakwepa. Jaribu kitu kipya sehemu ya ndani ya mkono siku mbili tatu kabla ya kukipaka mwilini.

Kuna kopo moja kati ya yale matano sikulimaliza. Muuzaji aliniambia "linatakatisha" na kwamba ndani ya wiki nitakuwa na "rangi ya kung'aa". Siku ya nne mikono ilikuwa inachonyota kama nimeoshea pilipili. Nilipogeuza kopo nikaona halina orodha yoyote wala jina la mtengenezaji. Losheni ya kulainisha haina kazi ya kubadilisha rangi. Ikiahidi hivyo, mara nyingi ndani kuna kemikali za kuchubua ngozi: haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Lakini mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua, unauzwa kwenye vikopo visivyo na jina, kwa hiyo mkaguzi wa kwanza ni wewe.

Januari nilirudi Dar kwa likizo na ile krimu yangu nzito, nikijiona nimeshahitimu. Siku mbili, harara shingo nzima. Mwili ule ule, mtu yule yule, ila hewa ya Dar imejaa maji na jasho halina pa kutokea ukijifunika mafuta. Nikanunua losheni nyepesi nikatulia.

Sasa nasafiri na vikopo viwili, na chupa ya mama haijatoka mkobani. Basi likitoka Njombe mafuta ni jiwe. Mafinga, jiwe. Iringa bado. Tukishamaliza kushuka Kitonga na wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wakaanza kukimbilia madirishani, naitikisa chupa: yanacheza. Hapo ndipo ninapofunga kopo la krimu na kutoa losheni.