Setilaiti inanasaje moto mdogo kuliko pikseli yake?

Umeuliza vipi VIIRS (kihisi cha kupiga picha kilicho kwenye setilaiti), ambayo pikseli yake, yaani kipande kimoja cha picha, ina upana wa mita 375, inaweza kuona moto wa eneo dogo kama uwanja wa mpira wa wavu. Haiuoni kwa umbo, inauhisi kwa joto. Ardhi ya nyuzi 27 na moto wa nyuzi 730 vikilinganishwa kwenye mawimbi ya mikromita 4 (mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho), moto unatoa mionzi takriban mara 4,500 zaidi. Kwenye mikromita 11 tofauti ni mara 29 hivi tu. Kwa hiyo hata moto ukichukua sehemu moja ya elfu ya pikseli (kama mita 140 za mraba), usomaji wa mikromita 4 unaruka huku ule wa 11 ukisogea kidogo mno. Programu inatafuta pengo hilo, kisha inalinganisha pikseli na jirani zake.

Kinachoisumbua ni mchana. Jua likimetameta juu ya maji au paa la bati, mikromita 4 hudanganyika, ndiyo maana mwanga wa kawaida nao hupimwa: pikseli inayong'aa kupita kiasi inatiliwa shaka. Usiku kazi ni nyepesi, ingawa miali ya gesi kwenye visima vya mafuta bado huonekana kama moto. Ni moto kweli, ila si wa msituni! Wingu zito likitanda, hakuna kinachopita.

Halafu ile nukta nyekundu inayoonyesha moto kwenye ramani ni katikati ya pikseli. Moto wenyewe unaweza kuwa pembeni, mita mia na kitu kutoka hapo.