Fremu ya Mbao Kutoka Meli Isiyo na Mbao

Juzi baharia mmoja mstaafu wa Likoni alinitumia ujumbe wa sauti. Salamu zilikuwa fupi. "Mwanangu, ile picha uliyotutambia juzi, fremu yake ni ya nini?" Nikamjibu kwa maringo: mbao ya mwaloni, mzee, kazi ya zamani hiyo. Jibu lililorudi lilikuwa kicheko, kicheko mpaka kikohozi.

Picha yenyewe ni ya bandari ya New York, rangi ya mafuta. Niliinunua mtandaoni mwaka jana. Februari 2025 SS United States, meli kuukuu ya abiria ya Marekani, ilivutwa kutoka Philadelphia ikaandaliwe kuzamishwa Florida iwe makazi ya samaki, na ghafla kila mtu akawa na kipande chake cha kuuza. Muuzaji wangu aliniambia picha ilitoka ukumbi wa daraja la kwanza, ikapita mnada wa Oktoba 1984 ambapo samani na vyombo vya meli hiyo viliuzwa. Mnada ulikuwepo kweli. Ndiyo utamu wa changa la macho: huchanganywa na ukweli. Nikatoa dola 640, usafiri na ushuru mbali.

William Francis Gibbs, aliyeisanifu meli ile iliyoanza safari mwaka 1952, aliogopa moto kuliko kitu chochote. Hakutaka mbao. Inasimuliwa kwamba zilizopenya ni za piano na gogo la kukatia nyama tu. Mapambo yake yalikuwa ya alumini, kioo na vitu vingine visivyoshika moto. Nami nimetundika mwaloni sebuleni! Mimi niliyesafisha kabini za meli za kitalii miaka tisa!

Hilo la miaka tisa ndilo linaloniuma. Nilifuta vumbi fremu mia kidogo kila wiki. Picha ya melini hufungwa ukutani kwa skrubu, la sivyo bahari ikichafuka itacheza kama pendulo. Kwa hiyo geuza picha kwanza. Tafuta matundu ya skrubu au vibanio vya chuma, tafuta kibandiko chenye namba ya sitaha. Ukikuta msumari na uzi, uliza maswali. Mimi sikuuliza. Niliangalia mbele tu, kama bwana harusi.

Kununua vizuri nilishawahi, msinidharau. Nilifika Alang, Gujarat, ufukweni ambako meli zimekuwa zikivunjwa tangu 1983. Husubiri maji makuu, kisha hupandishwa mchangani kwa mashine zake zenyewe. Kando ya barabara kuna maduka kwa maduka: magodoro, sahani, maboya, vioo vya saluni, na picha zimeegemezwa ukutani kama watu wanaongoja basi. Nilipata bamba la enameli lenye samaki wa buluu, skrubu mbili bado zimo, kwa rupia 1,500. Muuzaji alinishangaa: kwa nini nimeacha lile pambo kubwa la dhahabu? Kwa sababu lilikuwa nakala ya kiwandani, kaka. Picha nyingi za meli za kitalii ni chapa, yaani nakala za mashine, zimetundikwa kwenye korido kwa mamia. Chapa si dhambi, lakini usilipe bei ya mchoro.

Enameli na kauri huvumilia hewa yetu ya Mombasa. Picha ya turubai huota ukungu masika moja tu. Na ukiona mapambo ya pembe za ndovu, ondoka. Mpakani utaeleza nini?

Sasa vijana mnaoniandikia kila siku "kaka, nianzie wapi", nawaambia: anzieni mgongoni mwa picha. Mnapenda hadithi ya muuzaji, mnapenda jina la meli, mnapenda kupiga picha na kurusha mtandaoni kabla hata ya kufungua karatasi. Geuzeni! Ombeni picha ya mgongo kabla ya kutuma senti. Akikataa, basi. Wazee wa baharini wapo Likoni, Kibokoni, Malindi ya Unguja. Waulizeni kabla ya kulipa, si baada ya kutamba.

Muuzaji hajibu tena ujumbe wangu. Picha bado ninayo. Mke wangu ameihamishia jikoni, ameitundika kwa msumari na uzi.