Siku 183 zina masharti yake

SWALI: Ndugu mshauri, nalala nchi moja na kufanya kazi nchi jirani, navuka mpaka asubuhi, narudi jioni. Mwajiri wangu ni wa kule. Wenzangu wanasema nisipofikisha siku 183 kwa mwaka sidaiwi kodi kule. Tena nina miaka 12 ya michango ya pensheni kwetu na 3 kule. Hiyo 3 ndiyo imepotea?

JIBU: Wenzako wameshika sharti moja, wakaacha mawili. Katika mikataba ya kuzuia kodi mara mbili inayofuata mfano wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), ibara ya 15, msamaha huo hupatikana siku zisipozidi 183 ndani ya miezi 12, mshahara ukilipwa na mwajiri asiye mkaazi wa nchi ya kazi, na usipobebwa na tawi lake lililoko huko. Yote matatu kwa pamoja. Mwajiri wako ni wa huko huko, kwa hiyo unatozwa tangu siku ya kwanza, isipokuwa mkataba uwe na kifungu maalumu cha wafanyakazi wa mpakani.

Kwenu unakolala, kwa kawaida bado ni mkaazi kikodi, na mshahara huo unautaja kwenye ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka. Kule wakikata 150 na kwenu kodi yake ingekuwa 200, chini ya utaratibu wa kufidiana, yaani kodi ya kule kupunguzwa kwenye ya kwenu, unaongeza 50 tu. Kule wakikata 250, ile 50 ya ziada kwa kawaida hairudi. Bila hati ya mwaka ya kodi iliyokatwa, hufidiwi kitu.

Pensheni ina sheria yake, usiichanganye na kodi. Mchango kwa kawaida hufuata mahali pa kazi. Nchi hizo zikiwa na makubaliano ya kujumlisha vipindi, na kule wakidai miaka 15 ya michango ili kupata pensheni, basi 12 na 3 vinakufungulia mlango. Mfuko wa kule hukokotoa kana kwamba yote 15 ulichangia kwao, tuseme 600 kwa mwezi, kisha hukulipa 3/15, yaani 120. Fedha hazihamishwi, kila mfuko hulipa fungu lake. Pasipo makubaliano, kila mfuko unakupima peke yake.

Kinachoua haki hii mara nyingi ni tamaa ya kurudishiwa michango mtu anapoacha kazi: miezi iliyolipwa hivyo kwa kawaida hufutwa, haijumlishwi tena. Omba taarifa ya michango kila mwaka kutoka kwenye mfuko wenyewe. Hati ya mshahara huonyesha kilichokatwa; haithibitishi kwamba kimefikishwa.

SWALI: Nikifanyia kazi nyumbani siku 2 kati ya 5?

JIBU: Mshahara wa siku hizo hutozwa kwenu, maana kazi imefanyikia kwenu. Kwa pensheni, ndani ya Umoja wa Ulaya kazi ikifika asilimia 25 katika nchi unayoishi, michango yote huhamia huko, na wewe una asilimia 40. Tangu Julai 2023 nchi zilizotia saini makubaliano ya kazi za mbali huruhusu hadi chini ya asilimia 50 bila kuhama, lakini ruhusa hiyo lazima iombwe.