Cheni Inaruka Kwenye Baiskeli ya Umeme: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Cheni ya baiskeli ya umeme ikianza kuruka, wengi hukimbilia kununua mpya. Wanaifunga, wanapanda, na kwenye mlima wa kwanza inaruka kuliko hata ile ya zamani. Si kwamba wameuziwa cheni mbovu. Cheni mpya imekutana na meno yaliyokwisha kuliwa na cheni ya zamani, na vitu hivyo viwili havipatani. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupima, kabla hata ya kushika spana.

Watu husema cheni "imevutika", lakini chuma hakivutiki hapo. Kinacholika ni pini na matundu yanayozishika. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa, na kila pini inapoteza chuma kidogo kidogo hadi cheni nzima inakuwa ndefu. Meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni, yamechongwa kwa nafasi ya milimita 12.7 kati ya pini na pini. Nafasi ikizidi hapo, rola, vile vibomba vidogo vinavyozunguka juu ya pini, hazikai tena kwenye bonde la jino, bali zinapanda kuelekea ncha. Mzigo uliokuwa ukigawanywa na meno mengi unabebwa na machache, nayo yanachongoka na kulalia upande mmoja kama pezi la papa.

Aina ya mota ina uzito mkubwa hapa. Mota ya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, haipitishi nguvu yake kwenye cheni, hivyo cheni hubeba miguu yako tu. Mota ya katikati, ile iliyo penye pedali, inasukuma kupitia cheni ileile unayoikanyaga. Mota nyingi za aina hii za kupandia milima hutajwa kuwa na nguvu ya mzunguko ya niutoni-mita (Nm) 85, na hiyo ni nyongeza juu ya miguu yako. Mwenye mota ya katikati apime cheni mara nyingi zaidi.

Kupima, rula ya chuma inatosha. Kanyaga pedali kidogo, mota ikiwa imezimwa, ili cheni ikaze. Weka sifuri kwenye ukingo wa pini moja, hesabu pini 24 mbele yake, usome kwenye ukingo uleule wa ile ya 24. Cheni mpya inasoma milimita 304.8. Kwa mifumo ya gia 11 au 12, badilisha ikifika 306.3, yaani asilimia 0.5. Kwa gia 10 kushuka chini unaweza kungoja hadi 307.1, yaani asilimia 0.75. Ikifika 307.8, asilimia 1, jiandae kubadilisha kaseti pia, yaani fungu la sproketi za nyuma. Kipimo cha cheni cha dukani ni chepesi kutumia, ila rula haidanganyi.

Sasa sikiliza inavyoruka, kwa sababu namna ya kuruka ndiyo inayotaja mgonjwa. Ikiruka kwenye gia moja au mbili tu, hasa zile ndogo za meno 11 hadi 13, na pale tu unapokanyaga kwa nguvu, sproketi hizo zimekwisha. Ikiruka kwa mpigo unaojirudia kwenye gia zote, hesabu mizunguko ya pedali. Cheni ya pingili 116 kwenye sproketi ya mbele ya meno 38 inamaliza safari yake kila baada ya mizunguko mitatu hivi. Tatizo likirudi kwa mwendo huo, kuna pingili iliyokaza. Likirudi kila mzunguko mmoja wa pedali, tafuta jino lililopinda kwenye sproketi ya mbele. Ikitatarika na kusitasita bila mpangilio, kagua kwanza waya wa gia na lile sikio la fremu linaloshika kibadilishia gia cha nyuma. Baiskeli hizi ni nzito, zikianguka upande wa kulia sikio hilo hupinda kirahisi, na hakuna marekebisho ya waya yatakayoficha upindaji huo.

Kuna hali moja inayowapoteza hata mafundi: pedali inateleza mbele ghafla, lakini cheni haijaruka jino lolote. Angalia kipi kilichosimama. Cheni na kaseti zikizunguka huku gurudumu halisukumwi, ratcheti ya habu, ile inayoruhusu gurudumu kuzunguka bila kukanyaga, imechoka. Pedali zikizunguka huku cheni imetulia, tatizo liko ndani ya mota, na hilo si la kufungulia uani.

Pingili iliyokaza ni rahisi. Vuta cheni nyuma polepole kwa mkono ukitazama inavyopita kwenye vigurudumu vidogo vya kibadilishia gia. Iliyokaza itaruka hapo. Itie oili, ishike pande zote mbili kwa vidole gumba, uikunje kulia na kushoto kidogo. Ikikataa, ondoa kipande hicho au badilisha cheni.

Kubadilisha, zima mfumo na utoe betri kabisa kabla ya kuweka vidole karibu na meno. Usipime cheni mpya kwa kuilaza kando ya ile ya zamani: cheni ya pingili 116 iliyorefuka kwa asilimia 1 imeongezeka karibu milimita 15, zaidi ya pingili moja, na utakata vibaya. Hesabu pingili, kisha hesabu tena. Cheni ilingane na idadi ya gia zako, na loki ya cheni, ile pingili ya kuunganishia ncha zake mbili, iwe ya idadi hiyohiyo. Loki nyingi za gia 11 na 12 ni za kutumika mara moja tu, na nyingine zina mshale wa kuonyesha upande wa kwenda. Loki ikishaingia, ipeleke juu, kati ya kaseti na pedali, shika breki ya nyuma na ukanyage pedali kwa nguvu mpaka ilie "tak". Kama unabadilisha kaseti, nati yake hukazwa kwa Nm 40. Hiyo ni nguvu nyingi kuliko wanavyodhani wengi.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua sproketi ya mbele ya chuma cha pua au chuma cha kawaida. Ya alumini ni nyepesi, lakini baiskeli yenye mota na betri haitauhisi wepesi huo.

Oili iwe tone moja kwa kila rola, upande wa ndani wa cheni, jioni kabla ya safari ili ipate usiku mzima wa kupenya. Asubuhi futa cheni kwa kitambaa mpaka ionekane kama haina oili. Oili iliyobaki nje haisaidii kitu, inakusanya mchanga tu. Maji ya presha usiyaelekeze kwenye mota wala habu, na diski ya breki uifunike unapotumia kisafishio.

Uendeshaji nao unakula cheni. Ondoka kwenye gia nyepesi hata kama mota inaweza kukuvuta kwenye nzito. Sproketi ndogo ina meno machache ya kugawana mzigo. Unapobadilisha gia, legeza mguu kwa nusu mzunguko, na kama una kishikio cha kuongeza mwendo kiachie kwanza. Baadhi ya mota zina kihisi kinachokata nguvu wakati huo, nyingine hazina, na cheni inayohamishwa ikiwa imevutwa kwa nguvu zote ndiyo inayokatika.

Na ikikatika njiani, mwenye mota ya habu anaweza kuendelea ikiwa ana kishikio cha mwendo. Mwenye mota ya katikati atasukuma baiskeli kwa mkono hata betri ikiwa imejaa. Kwa hiyo abebe loki mbili na kitoa pini kidogo: atoe pingili zilizoharibika, aunge kwa loki, na asiiweke cheni kwenye sproketi kubwa ya nyuma mpaka afike, kwa kuwa sasa ni fupi na inaweza kung'oa kibadilishia gia.