Maswali ya Wasomaji: Kihisi Mwendo Kinachohama Chenyewe

SWALI: Nimeunda roboti ya magurudumu mawili inayojisimamisha, kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu) na kihisi mwendo cha MPU-6050. Nikiiacha mezani bila kuigusa, pembe inahama yenyewe. Dakika moja ikipita imeshafika digrii 30. Nilichukua wastani wa vipimo 20, namba zikatulia lakini pembe bado inahama. Je, nimeuziwa kihisi kibovu?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kihisi chako ni kizima. Una magonjwa mawili na umeyapa dawa moja. Kelele ni namba kurukaruka juu na chini ya thamani ya kweli. Wastani unasaidia kwa kuwa za juu na za chini zinafutana. Kuhama kunatokana na kosa lililoegemea upande mmoja. Jairoskopu, yaani sehemu ya kihisi inayopima kasi ya kuzunguka, ikiwa imetulia ingepaswa kusoma sifuri, lakini yako inasoma kama nusu digrii kwa sekunde. Programu hujumlisha kasi ili ipate pembe, na nusu digrii kwa sekunde 60 ndizo hizo digrii 30. Mtengenezaji mwenyewe anaruhusu sifuri ikosee hadi digrii 20 kwa sekunde, kwa hiyo chako kimo ndani kabisa ya mipaka.

Washa roboti na uiache dakika tano kihisi kipate joto, maana kosa la sifuri hubadilika joto likibadilika. Kisha, bila kugusa meza, soma vipimo 1,000 vya kila mhimili wa jairoskopu na utafute wastani wa kila mmoja. Huo ndio unaoutoa kwenye kila kipimo kinachofuata. Kihisi kikiwa kimewekwa kupima hadi digrii 250 kwa sekunde, namba ghafi hugawanywa kwa 131 ili kupata digrii kwa sekunde, hivyo utaona wastani wa karibu 65. Tumia namba zenye desimali. Ukigawanya 65 kwa 131 kwa namba kamili unapata sifuri, na kosa linabaki palepale. Tena, ikiwa tofauti ya kipimo kikubwa na kidogo katika hivyo 1,000 imezidi 100, huenda kuna aliyetikisa meza. Rudia.

Kitakachosalia kinarekebishwa na kipima mchapuko (kipima mabadiliko ya kasi) kilichomo kwenye kihisi hichohicho, ambacho hujua chini ni wapi kwa uvutano wa dunia. Chenyewe kina kelele lakini hakihami, ndiyo maana viwili hivi vinafaana:

pembe = 0.98 × (pembe + kasi × muda) + 0.02 × pembe ya kipima mchapuko

Muda upimwe kwa micros(), saa ya Arduino inayohesabu mikrosekunde, katika kila mzunguko wa programu, usikadiriwe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: 0.98 si namba ya kudumu. Mzunguko ukiwa wa milisekunde 10, jairoskopu inaaminiwa kwa takriban nusu sekunde. Ukiuharakisha hadi milisekunde 5 bila kubadilisha namba, muda huo unashuka hadi robo sekunde na mtikisiko unapenya zaidi, weka 0.99 badala yake.

SWALI: Mota zikiwa zimezimwa namba ni nzuri. Nikiziwasha, kipima mchapuko kinachanganyikiwa. Nitumie chujio gani?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Anza na bisibisi. Kaza kila skrubu, kisha weka bodi ya kihisi juu ya tepu nene ya sponji yenye gundi pande mbili, karibu na katikati ya roboti. Lehemu kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya ncha mbili za kila mota.

Halafu andika 3 kwenye rejista 0x1A ya kihisi, yaani nafasi ya kumbukumbu inayoshika mpangilio wa chujio lake. Chujio la ndani litakata mitikisiko inayozidi takriban hezi 44 (mara 44 kwa sekunde), kwa ucheleweshaji wa kama milisekunde 5. Usikimbilie 6: inashusha hadi hezi 5, namba zinapendeza, lakini ucheleweshaji wa milisekunde 19 unatosha kuifanya roboti iyumbe. Na kazi hii ifanyike ndani ya kihisi. Ukisoma mara 100 kwa sekunde, mtikisiko wa hezi 90 utaonekana kama wa hezi 10, na ukishafika kwenye programu huwezi tena kuutofautisha na mwendo halisi.

SWALI: Pembe za kuinama ziko sawa, ila uelekeo wa kushoto na kulia bado unahama. Na je, naweza kupata umbali kutokana na mchapuko?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Kuzunguka sakafuni hakubadilishi upande wa chini, kwa hiyo kipima mchapuko hakioni chochote. Ongeza dira ya sumaku, uiweke mbali na mota na nyaya za betri. Angalia anwani yake, namba ambayo programu huiitia: bodi nyingi zinazouzwa kama HMC5883L, yenye 0x1E, hubeba QMC5883L, yenye 0x0D, na programu ya moja haisomi nyingine.

Umbali, hapana. Kosa la asilimia moja tu ya uvutano wa dunia, likijumlishwa mara mbili, linakupoteza karibu mita 5 ndani ya sekunde 10, na mita 176 ndani ya dakika. Funga visimbaji, yaani vihisi vya mzunguko, kwenye magurudumu, uhesabu mizunguko.